Nionyeshe namba ya patenti, bwana!

Nimekaa kimya karibu miezi mitatu, na baadhi yenu mmeniandikia kuniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Tulikuwa na mgonjwa nyumbani. Nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini somo litasubiri. Leo nina hasira, na kilichonikasirisha ni kitu kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

Wasomaji wa zamani wanajua kwetu ni Masimba, Kisii, upande wa Masaba. Siku hizi kazi zangu nazifanyia huku huku, katika chumba kilicho juu ya duka la mbolea, stima ikikubali. Chini ya dirisha langu ndipo malori ya ndizi hupakiwa. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa wapakiaji. Yeye ndiye aliyesimama juu ya shehena akipokea mikungu na kuipanga, na kwa miaka mingi hakuna lori alilolipanga yeye likamwaga ndizi njiani. Mwaka jana, siku ya mvua, aliteleza akaanguka kutoka juu kabisa. Hakupooza, tunamshukuru Mungu. Lakini pingili moja ya kiuno ilisogea mbele ya mwenzake ikabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Alitumia dawa za maumivu, akafanya mazoezi, akavaa mkanda wa kiunoni, bila nafuu. Mwishowe daktari bingwa Nairobi akasema apasuliwe, pingili mbili ziunganishwe, na katikati yake iwekwe keji.

Tukafanya harambee kama kawaida yetu. Kisha ikaja bei. Kulikuwa na keji za aina mbili: ya kawaida, na nyingine “inayotanuka” ambayo bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ya kwanza. Daktari mwenyewe alisema yoyote ingefaa kwa hali ya baba mdogo. Lakini muuzaji wa vifaa, kijana nadhifu mwenye mkoba, aliiambia familia kwamba ile ya kawaida ni ya kizamani, na nyingine za bei nafuu kutoka Asia ni bandia. Shangazi akamuuliza mbona hiyo inayotanuka ni ghali hivyo. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

“Hiyo bei ni ya patenti, mama. Kampuni zimeshtakiana huko Amerika mpaka zikachoka. Lazima pesa zirudi.”

Mimi nikadakia: “Patenti namba ngapi?”

Akacheka. “Kwani wewe ni daktari, kaka?”

“Hapana. Naandika programu.”

“Basi andika programu.”

Haya. Kwanza tukielewe kifaa chenyewe, maana hapa wengi hutishwa na jina. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto. Diski ikiharibika au pingili zikilegea, daktari huitoa diski, akaweka mahali pake kisanduku chenye matundu kilichojazwa vipande vya mfupa. Mfupa hukua kupitia matundu yale mpaka pingili mbili zinakuwa moja. Kinachoponya ni mfupa, wala si keji. Keji ni kama zile mbao ambazo fundi hushikilia nazo zege mpaka likauke, tofauti ni kwamba hizi hazitolewi.

Keji ya kawaida ina kimo kimoja tu. Daktari hupima pengo, akachagua inayotosha, akaigonga iingie. Inayotanuka huingia ikiwa fupi, halafu daktari anazungusha skrubu kwa bisibisi ndefu, kabari mbili zinavutwa ndani yake, na bamba la juu linainuka mbali na la chini. Aliyewahi kusaidia kubadilisha gurudumu la matatu pale Keroka ameshaona jambo hili. Ni jeki! Jeki ndogo sana, ya titani, iliyotengenezwa kwa ustadi ambao siudharau hata kidogo, lakini ni jeki. Je, ni bora? Inamsaidia daktari kupitia tundu dogo, na hilo si jambo dogo. Lakini tafiti zilizolinganisha aina hizo mbili kwa maumivu anayobaki nayo mgonjwa baadaye zina majibu mchanganyiko, na tofauti kubwa haijajitokeza waziwazi.

Na wazo lenyewe la keji lilianza kwa nani? Kwa farasi! Daktari wa mifupa wa Marekani aitwaye George Bagby alibuni kikapu cha chuma chenye matundu cha kuunganishia pingili za shingo za farasi waliokuwa na ugonjwa wa kuyumbayumba. Baadaye yeye na mwenzake Stephen Kuslich wakakileta kwa binadamu, na mwaka 1996 Marekani ikaidhinisha keji yao, BAK, itumike katika kiuno cha mtu. Seattle Slew, yule farasi aliyeshinda mbio zote tatu kubwa za Marekani mwaka 1977, naye alifanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za shingo mwaka 2000. Kwa hiyo baba yangu mdogo na farasi wa matajiri wanachangia fundi mmoja, ila farasi hakuhitaji harambee.

Sasa tufike mahakamani, maana huko ndiko yule kijana alikotaka tutazame tutishike.

Ngoma ilianza zamani. Gary Michelson, daktari wa mgongo wa Los Angeles mwenye mamia ya patenti, aligombana na kampuni kubwa ya Medtronic juu ya haki za uvumbuzi wake wa kuunganisha pingili. Mwaka 2005 Medtronic ikakubali kumlipa dola bilioni 1.35 kumaliza ugomvi na kuzinunua patenti hizo. Bilioni, wasomaji, si milioni. Tangu siku hiyo kila mwanasheria alijua kwamba ndani ya mgongo wa mtu kuna mgodi.

Keji zinazotanuka zilipoingia sokoni, patenti zikaota kama uyoga. Ukisoma hizo patenti (mimi nimesoma nyingi kuliko inavyofaa afya yangu) utaona madai yale yale: bamba la juu, bamba la chini, kabari katikati, na kitu cha kuivuta kabari. Huyu kabari zake zinaelekeana, yule zinapeana mgongo. Huyu anasema “skrubu”, yule “kiungo cha kuendeshea”. Tena kuna mchezo mmoja ambao sisi waandishi wa programu tungeuita uhuni. Marekani inaruhusu ombi moja la patenti kuzaa watoto: michoro ni ile ile, maelezo ni yale yale, lakini madai ni mapya. Mtoto hapati miaka zaidi, kwani ile 20 inahesabiwa tangu ombi la kwanza. Anachopata ni nafasi ya kuandikwa BAADA ya mwenye patenti kuona bidhaa ya mshindani wake. Fikiria mtihani ambao mwalimu anaandika maswali akiwa na karatasi yako ya majibu mkononi.

Kuna kesi moja lazima niwasimulie kwa sababu ndani yake mna hitilafu ambayo kila mmoja wetu ameiandika angalau mara moja. Kampuni ya Flexuspine iliishtaki Globus Medical huko Texas mashariki, ikidai kwamba vipandikizi vya Globus vinavyotanuka vimevunja patenti zake. Kesi ilisikizwa mwaka 2016 mbele ya jopo la raia. Jopo likapewa fomu. Swali la kwanza: je, patenti zimevunjwa? Ukijibu hapana, simama hapo, usijibu mengine. Jopo likajibu hapana. Halafu halikusimama! Likaendelea mpaka chini, likasema patenti zenyewe ni batili, na kwenye nafasi ya fidia likaandika sifuri. Yaani sharti la “kama” lipo, lakini programu imelipita kama matatu inavyopita kituo ambacho hakuna wa kushuka. Jaji akaona fomu haiafikiani na maagizo yake, akawapa fomu tupu warudi chumbani. Waliporudi walikuwa wamejibu swali la kwanza peke yake. Globus ikakata rufaa ikitaka lile jibu la “batili” lihesabiwe. Januari 2018 mahakama ya rufaa ikakubaliana na jaji. Kwa hiyo jopo lililosikiliza ushahidi lilitamka kwamba patenti zile ni batili, na patenti zikatoka mlangoni zikiwa hai. Hizi ndizo kesi ambazo baba mdogo aliambiwa azigharamie.

Na bado. Karibu keji zote hizi huingia soko la Marekani kwa njia ya mkato: kampuni huiambia mamlaka ya dawa na vifaa, FDA, kwamba kifaa chake kinafanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Kampuni hiyo hiyo huiambia ofisi ya patenti kwamba kifaa chake hakijapata kuonekana duniani. Wanasheria watanirukia waseme vipimo vya ofisi hizo mbili ni tofauti, na ni kweli, ni tofauti. Lakini mama mboga wa Masimba akikuambia ndizi hizi ni sawa kabisa na za jana, halafu akakuuzia kwa bei ya ndizi ambazo hazijawahi kuota duniani, utamwambiaje?

Turudi Kenya, maana hapa ndipo hoja ya yule kijana inapovunjika mguu.

Patenti (hataza, kwa Kiswahili cha vitabu) haivuki bahari. Patenti ya Marekani inazuia watu Marekani. Kenya inazuia tu ile iliyotolewa na KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda, au na ARIPO kule Harare ikiwa Kenya imetajwa ndani yake. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya sheria ya mwaka 1989, patenti ya hapa ilikuwa ni ile iliyokwisha kutolewa Uingereza, sisi kazi yetu ni kuisajili. Tulikuwa tunaazima hata kufuli. Leo tuna Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, na mwenye uvumbuzi akitaka ulinzi hapa ni lazima aje aombe hapa. Muda wa kuja una mwisho pia: miezi 12 tangu ombi lake la kwanza popote, au 30 kama amepitia mkataba wa kimataifa wa PCT, ambao Kenya iliingia mwaka 1994. Muda ukipita bila yeye kuja, mlango umefungwa, na aliyefungiwa nje ni yeye. Hapo uvumbuzi ule kwetu ni kama hewa. Hata akija kwa wakati, asipolipa ada yake ya kila mwaka, patenti inakufa. Na hata akilipa zote, miaka 20 ikiisha imeisha.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 21, inasema njia ya kutibu mwili wa mtu kwa upasuaji si uvumbuzi wa kupewa patenti. Kifaa kinaweza, mbinu ya daktari haiwezi. Kwa hiyo nusu ya yale wanayoshtakiana kule, yaani njia ya kupita ubavuni, njia ya kuingiza, njia ya kutanua, hapa hayana hata pa kusimama.

Msinielewe vibaya. Sisemi patenti hazina meno Kenya. Kampuni ya Sanitam ilipigania patenti yake ya ARIPO ya pipa la usafi wa wanawake linalofunguliwa kwa mguu, ikaiburuta Rentokil mpaka Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2006 mahakama hiyo ikaipa haki. Pipa la kukanyaga kwa mguu! Lakini tazama tofauti: Sanitam ilikuwa na namba. Ilikuja mahakamani ikasema hii hapa, AP 773, someni. Ndiyo maana swali langu lilikuwa la heshima kabisa. Bei ikiitwa ya patenti, nionyeshe namba ya KIPI au ya ARIPO, na mwaka inapokufa. Dakika mbili tu. Daftari la ARIPO linapekuliwa mtandaoni, na KIPI huchapisha jarida kila mwezi. Mzigo wa kuonyesha ni wa anayedai, si wa mpakiaji wa ndizi aliyelala chali.

Patenti haimlazimishi mtu yeyote Nairobi kutoza mara tatu. Inampa mwenyewe haki ya kumzuia mwingine, basi. Pale ambapo hakuna patenti iliyosajiliwa, bei ni uamuzi wa watu wenye majina, wenye ofisi na wenye mkoba.

Na kuhusu “bandia”. Neno hili lina historia mahakamani. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 ilieleza neno hilo kwa upana kiasi kwamba hata dawa halali zisizo na jina kubwa zingeweza kukamatwa kama bandia. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo, vikitumiwa dhidi ya dawa za aina hiyo, vinahujumu haki ya uhai, ya utu na ya afya. Ni kweli kesi ilikuwa ya dawa, si ya keji. Lakini ujanja ni ule ule: kitu cha bei nafuu kinaitwa bandia ili swali la bei lisiulizwe. Bandia ni kinachodanganya kuhusu kilikotoka. Keji ya kampuni nyingine, iliyopimwa na kuruhusiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, ni keji ya kampuni nyingine. Hiyo tu.

Najua kuna mmoja anayeandika maoni sasa hivi: “Kwa hiyo tuzikusanye patenti zao tutengeneze wenyewe?” Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Hapa ndipo kisa kinachoniuma zaidi.

Patenti ni mapatano. Serikali inamwambia mvumbuzi: fichua unachojua, wote wasome, nami nitakupa miaka 20 ya kukitumia peke yako. Sisi Abagusii tunajua vizuri nini hutokea mapatano hayo yasipokuwepo. Tulikuwa na ababari, mafundi waliopasua kichwa cha mtu aliyeumia, wakakwangua mfupa wa fuvu, na mgonjwa akaamka akaenda zake. Madaktari wa kizungu waliandika kuwahusu katika karne ya 20 kwa mshangao mkubwa. Ufundi ule ulipitishwa kwa mwanafunzi aliyekaa na fundi wake, mara nyingi wa ukoo mmoja, na haukuandikwa. Leo muulize kijana wa Masimba akuonyeshe omobari. Atakuonyesha kaburi. Siri humlinda mwenyewe, halafu huzikwa naye, na patenti ilibuniwa ili jambo hilo lisitokee.

Sasa sikiliza kisa cha Life Spine. Kampuni hii ya Illinois ina keji inayotanuka iitwayo ProLift. Mwaka 2018 ilifanya mkataba na msambazaji, Aegis Spine, aipeleke hospitalini. Aegis ni mtoto wa L&K Biomed ya Korea Kusini. Mwaka 2019 Life Spine ikaenda mahakamani ikisema vifaa vilivyokabidhiwa Aegis vimefika kwa L&K, na L&K imetoa keji pinzani. Aegis ikajitetea kwa hoja ambayo hata mimi ningeitoa: siri gani tena? Mmeiandikia patenti, mmeionyesha kwenye mikutano ya madaktari, mmeiuza. Mahakama ikakataa. Ilisema patenti hazikufichua vipimo kamili vya sehemu za ndani na jinsi zinavyoshikana, na hakuna awezaye kuvipata bila kukishika kifaa kwa uhuru, jambo ambalo Life Spine ilikuwa makini kulizuia. Zuio la muda likatolewa Machi 2021, na mahakama ya rufaa ya Chicago ikalithibitisha Agosti mwaka huo huo.

Mwenye kuvunja mkataba avunjiwe, sina neno. Lakini soma tena ile sababu. Mtu anayo patenti, maana yake amelipwa miaka 20 kwa kufichua. Na papo hapo kile kinachofanya kifaa kifanye kazi, vipimo vyake, bado ni siri, na siri haina mwisho wa miaka. Ni kama mtu atundike programu yake mtandaoni aiite huria, ukijaribu kuikompaili unakuta faili moja haipo, ukimwuliza anasema faili hilo ni siri ya biashara, na ukiandika lako mwenyewe linalofanya kazi hiyo hiyo anakushtaki kwa patenti. Kisheria alikuwa sawa, kwani patenti haihitaji kutaja kila milimita. Hilo ndilo linaloniudhi. Tumeambiwa tuheshimu kufuli kwa sababu siku moja mlango utafunguliwa, kumbe nyuma ya mlango kuna ukuta.

Kwa mgonjwa wa Masimba, basi, patenti ya Marekani haimzuii, na pia haimfundishi fundi wake kitu cha kutosha. Kazi moja tu imebaki kuifanya hapa: kuwa sababu ya bei.

Kuna watakaosema: bila faida nani atabuni? Swali zuri. Mimi mwenyewe nauza programu, na mtu akiiba msimbo wangu sitamwimbia. Kupima keji kama itavunjika ndani ya mtu baada ya kuinama mara milioni kadhaa ni gharama halisi. Titani haifuliwi Kamukunji. Basi andika kwenye ankara: gharama ya kupima, usafiri, ushuru, faida yangu. Tutabishana kwa hesabu. Usiandike “patenti” kama mganga anavyosema “mizimu” akikosa jibu.

Na msidhani hakuna namna nyingine. Panda gari Masimba hadi Keroka, pita Sotik, fika Bomet, uulize Hospitali ya Tenwek. Pale mifupa mirefu iliyovunjika, hasa ya wenzetu wa bodaboda, huwekewa msumari wa SIGN. Ulibuniwa na Lewis Zirkle, daktari wa Marekani aliyewahi kutumika vitani Vietnam, akaanzisha shirika lake mwaka 1999 huko Richland, Washington. Msumari ule uliundwa makusudi kwa vyumba vya upasuaji visivyo na mashine ya eksirei ya papo kwa papo: fundo lake la kufungia skrubu hutafutwa kwa kifaa cha kuelekezea na mkono wa daktari. Mgonjwa maskini haulipii. Hospitali inalipa kwa kitu kingine, na hapa mimi mtu wa hifadhidata nilisimama nikapiga makofi peke yangu chumbani: inalipa kwa TAARIFA. Kila upasuaji unaandikwa, picha za eksirei zinapakiwa mtandaoni, na misumari mingine inaletwa kufidia iliyotumika. Shirika linajua msumari wake unafanya nini katika nchi nyingi kuliko kampuni nyingi zinavyojua kuhusu bidhaa zao. Ni msumari wa paja na wa muundi, si keji ya mgongo, na unaendeshwa kwa michango. Bado ni ushahidi kwamba bei ya kipandikizi hupangwa na watu, haianguki kutoka mbinguni.

Nimeandika barua kwa watu wa ununuzi katika hospitali iliyomtibu baba mdogo, nikaomba jambo moja: muuzaji yeyote akitaja patenti kwenye mazungumzo ya bei, namba yake iandikwe kwenye karatasi ya bei, pamoja na ofisi iliyoitoa na siku inapoisha. Ikiwa haipo, neno lisitajwe mbele ya mgonjwa. Nitaweka nakala ya barua hapa ili anayetaka aitumie katika hospitali ya kwao, abadilishe majina tu.

Baba mdogo aliwekewa keji ya kawaida. Ilikuwa saa nne na nusu za kungoja kwenye benchi, shangazi akisali kwa sauti mpaka askari akamwomba apunguze. Maumivu ya mguu yameondoka karibu yote. Hapandi tena juu ya lori. Anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya dirisha langu na daftari, anahesabia wenye mali mikungu inayopanda, na akiona kijana amepanga vibaya anapiga kelele nazisikia mpaka huku juu.

Yule kijana mwenye mkoba nilimtumia ujumbe tena wiki iliyopita, kwa adabu, nikimkumbusha ile namba. Zile alama mbili za bluu zimetokea, kwa hiyo ameusoma.